Mwanafunzi mgeni wa Kindu, marafiki zake na suala la minervali



Waandaaji wa kikao hiki wameniomba nianze na maana ya maneno. Sheria ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18, kwa hiyo kijana tunayemjadili yumo. Upweke tunaujua. Urafiki pia. Tuendelee.

Wengi wa vijana wapweke katika sekondari zetu wana wazazi walio hai. Wametumwa mjini Kindu kutoka maeneo ya Kibombo, Kailo au Pangi, wakafikia kwa mjomba au shangazi. Wengine wanakaa mtaa wa Alunguli, shule ikiwa ng'ambo ya mto, mtaa wa Kasuku au Mikelenge. Hapa mto Lualaba hauna daraja, basi kila asubuhi ni kutafuta nauli ya mtumbwi. Kijana wa namna hii hupata rafiki kwenye benchi la darasa. Jirani anamwazimisha kalamu, wanabishana kuhusu timu ya mpira ya Maniema Union, baada ya wiki kadhaa wanavuka mto pamoja. Kwa msichana ni polepole zaidi, kwa kuwa akitoka shule anangojwa na maji na jiko.

Sasa tatizo lenyewe. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni bure, lakini sekondari bado inalipiwa ada, yaani minervali. Urafiki ukianza tu kushika, orodha ya wenye madeni inasomwa mbele ya darasa na mgeni anatolewa. Mara nyingi ni yeye, maana mzazi yuko mbali, mpunga haujauzwa, treni ya Kibombo haijulikani itafika lini, na mjomba anasema chakula anatoa lakini minervali haimhusu. Kijana hathubutu kurudi nyumbani mapema. Anazunguka bandarini mpaka wenzake watoke. Akirudishwa darasani baada ya majuma, nafasi yake ina mtu, na waliocheka jina lake bado wanacheka. Yule wa kalamu amezoea kuvuka na wengine.

Maprefe, yaani wakuu wa sekondari, hunijibu kwamba wana walimu wasiopata mshahara wa serikali, na watu hao wanakula. Ni kweli, wala sikuja kumlaumu yeyote. Ila kwa miaka mingi nimeuliza jambo moja: deni ni la mtu mzima, kwa nini anayeaibishwa ni mtoto? Badala ya jibu, mimi hupewa chai na ahadi ya kikao kingine.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, napendekeza majina ya wenye madeni yasisomwe darasani. Mlezi aitwe yeye mwenyewe, na mzazi wa mbali akubaliwe kulipa baada ya mavuno. Katika muhula wa kwanza mgeni asifukuzwe kabisa, kwani ndipo anapotafuta wenzake. Akikosekana baadaye, benchi lake lingojee. Mwalimu wa darasa amtafutie mwenzake wa njia moja, hasa wa kuvuka naye. Kwaya, madrasa, skauti na timu za mitaa zimpokee bila mchango wa kuingia. Walezi wamwachie msichana saa moja ya kutembelea wenzake. Wakaguzi wafuatilie. Uongozi wa elimu wa jimbo utoe agizo kwa maandishi, la mdomo tumelisikia mno. Na narudia, ingawa mwenyekiti anatazama saa: majina yasisomwe darasani. Kama kikao kitapitisha pendekezo moja tu, liwe hilo, na barua iwe mezani kwa kila prefe kabla ya masomo kufunguliwa Septemba.