Gitaa Likikwaruza, Tulipime Kwanza



Nimeombwa niseme machache kuhusu vyombo vyetu. Nimechagua gitaa la umeme, kwa sababu katika mipango ya jubilei limetajwa kuwa limechoka na libadilishwe. Shida yake ni moja: linakwaruza. Mwimbaji anayesubiri noti ya kuanzia huipata imechanganyika na mlio kama wa nyuki, nayo hukatika kabla hajaishika. Hilo si jambo dogo. Lakini kabla hatujachanga pesa, tujue kinachokwaruza.

Uzi ukipigwa hucheza. Ukikosa nafasi, hugonga freti, vile vyuma vilivyopangwa kwenye shingo. Huo si muungurumo wa umeme, unaotoka kwenye spika hata nyuzi zikiwa zimetulia.

Kwanza, tyuni gitaa. Tukiteremsha nyuzi ili soprano wasichoke, zinalegea na kucheza kwa upana zaidi. Hapo nyuzi nene kidogo husaidia. Pia kidole kikae karibu kabisa na freti, kwa upande wa kichwa cha gitaa. Kikikaa mbali, hata gitaa zima litakwaruza.

Pili, pima shingo. Bana uzi mnene kwenye freti ya 1 na pale shingo inapoungana na mwili, kisha tazama karibu na freti ya 7. Pawe na mwanya mdogo, kama robo ya milimita. Pasipokuwa na mwanya, shingo imenyooka mno, na majira ya ukavu huweza kuleta hali hiyo. Ndani ya shingo mna chuma cha kurekebisha. Kilegeze robo mzunguko tu, kinyume na mwendo wa saa, tyuni tena, pima tena. Kikikataa, usikilazimishe.

Tatu, tafuta mahali penyewe. Uzi ukikwaruza bila kubanwa tu, huenda mfereji wake karibu na kichwa umelika. Zikikwaruza freti nyingi za karibu na mwili, inua daraja kidogo. Uzi mnene ukiwa kama milimita 2 juu ya freti ya 12, magitaa mengi hutulia. Pakikwaruza mahali pamoja tu, kuna freti iliyoinuka au iliyolika. Hiyo ni kazi ya fundi. Tumuulize bei yake kabla ya kuuliza bei ya gitaa jipya.

Mwisho, sikiliza kupitia amplifaya. Mkwaruzo usiofika kwenye spika, uache. Tukiinua nyuzi mno ili kuufukuza, vidole vya wanafunzi wetu vitaumia, nao wataacha kuja mazoezini.

Ndugu zangu, hata gitaa jipya mara nyingi hutoka dukani likihitaji marekebisho haya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ombi langu ni kwamba kila mwaka tutenge pesa za nyuzi mpya na siku mbili za ukaguzi, moja wakati wa kiangazi na moja wakati wa mvua. Na kijana wetu akikwaruza Jumapili, tusimkodolee macho. Baada ya ibada tukae naye, tupime pamoja.