PICHA YA MVUA KWA MKULIMA
(Hotuba kwa Mabwana Shamba na Mabibi Shamba)



Baadhi yenu mmekwisha kujifunza kuandika programu za kompyuta, nanyi mnachora picha za utabiri wa mvua na kuzipeleka kwa wakulima kwa simu. Kazi hiyo ni njema. Lakini picha mbaya yaweza kumtia mkulima hasara, maana akiona rangi ya buluu juu ya kijiji chake atachukua mbegu aende shambani. Kule Dodoma, mvua za kwanza za Novemba au Desemba mara nyingi hufuatwa na jua kali. Mtama huota, kisha hukauka, na mbegu ya kupandia tena haipo nyumbani.

Basi kwanza ujue unachochora. Modeli ya utabiri haioni mawingu. Ni hesabu tupu. Dunia hugawanywa miraba, na kila mraba hupewa tarakimu yake. Modeli ya Marekani iitwayo GFS hutoa hesabu zake bure mara 4 kila siku, na miraba inayotolewa kwa watu ina upande wa kilomita 28 hivi hapa kwetu. Mraba mmoja ni zaidi ya hekta 75,000, na mashamba yote yaliyomo yamepewa tarakimu moja ya mvua! Nawe wajua jinsi mvua inavyoweza kunyesha kwa jirani ikaacha shamba lako kavu. Kwa hiyo usilainishe rangi baina ya miraba ili picha ipendeze. Picha laini humfanya mtazamaji adhani modeli inakijua kijiji chake. Iache miraba ionekane.

Sasa nakuomba uangalie sana jambo hili, maana ndilo linaloharibu picha nyingi. Modeli ya kituo cha Ulaya, ECMWF, haitoi mvua ya kila siku peke yake. Huijumlisha tangu saa utabiri ulipoanza, tena kwa mita, si kwa milimita. Ukisoma 0.012 siku ya kwanza, 0.012 siku ya pili, na 0.030 siku ya tatu, maana yake ni milimita 12, kisha hapana mvua, kisha milimita 18. Asiyetoa jumla ya jana katika jumla ya leo atachora siku tatu za mvua mfululizo, na mkulima ataona ardhi italowa vema, kumbe katikati kuna siku kavu.

Saa nazo zina mtego wake. Modeli hufuata saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Utabiri wa saa sita usiku ya dunia kwetu ni saa 9 usiku. Tena kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi. Kwa hiyo siku ya picha yako na ianze saa 3 asubuhi na kuishia saa 3 asubuhi ya pili, ili uweze kuilinganisha na kipimamvua cha shule au cha ofisi yako.

Juu ya rangi sina maneno mengi. Tumia rangi moja inayozidi kukolea, na uandike milimita pembeni. Usitegemee nyekundu na kijani, kwa kuwa wako watu wasioweza kuzitofautisha. Milimita 1 ni lita 4,000 hivi juu ya ekari 1. Andika hivyo pia, maana lita kila mtu anazijua.

GFS hutabiri siku 16 mbele, lakini hesabu za siku za mwisho hazifai kupandia mbegu. Baada ya siku ya 10 usionyeshe kitu. Katika siku zilizobaki usionyeshe utabiri mmoja tu. ECMWF hurudia hesabu mara 50, kila mara ikibadili mwanzo kidogo, na pamoja na ile isiyobadilishwa zinakuwa 51. Hesabu ni ngapi kati ya hizo zinazotoa milimita 20 au zaidi kwa siku mbili, kisha zisionyeshe ukavu mrefu baada yake? Zikiwa 40, mkulima ana sababu ya kupanda. Zikiwa 15, afadhali aendelee kutayarisha shamba, na tarakimu hiyo ya 15 kati ya 51 iandikwe wazi juu ya picha, isifichwe nyuma ya kitufe.

Kabla hujaipeleka picha kijijini, kaa na wakulima wanne au watano, wanawake kwa wanaume, uwaonyeshe bila kuwaeleza neno. Muulize kila mmoja kesho atafanya nini. Akisema atapanda, nawe ulikusudia angoje, rudi ukaichore upya.