Darasa la Pili na Fundi Seremala Katika Safu Moja: Takwimu za Afya ya Akili ya Watoto na Bajeti za Halmashauri

Nimeombwa nieleze kwa nini huduma za afya ya akili kwa watoto ni jambo la jamii nzima. Fasili ya afya ya Shirika la Afya Duniani kila aliyemo ukumbini anaijua, kwa hiyo naipita. Nianzie kwenye hesabu mbili za shirika hilohilo: nusu ya matatizo ya afya ya akili huwa yamekwishaanza mtu afikapo miaka 14, na kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la aina hiyo. Maana yake, wengi wanaolazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe wakiwa watu wazima walianza kuugua wakiwa bado wanavaa sare za shule. Katika miaka ya katikati gharama ililipwa na wengine: mwalimu, polisi, mahakama, mama aliyefunga genge ili akae na mwanawe. Jamii hulipa hata isipopanga kulipa.

Hayo hayana ubishi. Ubishi uko kwenye bajeti, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mada hii itahusu fomu, jambo ambalo najua halisisimui. Taarifa ya mwezi ya wagonjwa wa nje katika MTUHA (mfumo wa kitaifa wa taarifa za huduma za afya), kama ilivyojazwa vituoni kwa miaka mingi, ina safu tano za umri: chini ya mwezi mmoja, mwezi mmoja hadi chini ya mwaka, mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano, miaka mitano hadi chini ya 60, na 60 na kuendelea. Mtoto wa darasa la pili asiyelala kwa hofu anaingia safu moja na dereva wa bodaboda wa miaka 30 na fundi seremala wa miaka 59. Mganga wa zahanati hana kosa, amejaza safu aliyopewa. Ila taarifa ikishafika wilayani, hakuna tena namna ya kumtoa mtoto huyo kwenye jumla. Tena hapo sijagusa ugonjwa wenyewe, kwani mtoto aliyeanza kukojoa kitandani baada ya msiba mara nyingi huandikwa kwa kile kilichomleta kituoni, tumbo au kichwa. Kisha timu ya halmashauri inaketi kuandaa Mpango Kabambe wa Afya, mtu anauliza watoto hao ni wangapi, hakuna anayejua, na fedha zinakwenda penye namba. Mwaka unaofuata, kukosekana kwa namba kunatolewa kuwa ushahidi kwamba wahitaji hawapo.

Husemwa kwamba maradhi ya watoto ni mengi na fedha ni chache. Hoja hiyo ni nzito. Lakini itazameni fomu hiyohiyo: safu tatu kati ya tano ni za walio chini ya miaka mitano, kwa sababu nchi iliamua kupambana na vifo vyao. Vilishuka kutoka 112 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2004/05 hadi 43 katika ule wa 2022. Safu haikumponya mtoto yeyote, chanjo na vyandarua ndivyo vilivyofanya kazi. Safu iliwezesha tu wilaya kujua vipelekwe wapi. Watoto haohao tukishawavusha umri huo, tunawachanganya na wazazi wao.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi hutoka kwa wanataaluma wenzangu: hatuna wataalamu, sasa tuwahesabu watoto ili iweje? Jaribio lililofanyika Moshi hapa Tanzania na Bungoma nchini Kenya, likachapishwa mwaka 2020, lilihusisha watoto 640 waliofiwa na wazazi na wenye dalili za kiwewe. Tiba ilitolewa kwa vikundi na washauri wasio wataalamu wa afya ya akili, waliofunzwa na kusimamiwa. Mwisho wa tiba, katika maeneo matatu kati ya manne waliotibiwa walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo haikudumu kila mahali. Wapo wanaoshika kipande hicho cha mwisho kukataa yote. Mimi nasoma kwamba mtu wa kawaida aliyefunzwa anaiweza kazi hii, na kwamba msaada unahitaji kufuatiliwa. Kufuatilia bila kuhesabu sijui kunafanyikaje.

Na wanaosema malezi ni ya familia warejee utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto: karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Kwa upande wa vipigo, ndugu na walimu walitajwa sana. Familia ni muhimu, lakini kuna watoto ambao nyumbani ndiko wanakoumizwa.

Napendekeza safu ya miaka 5 hadi 60 igawanywe: 5–9, 10–14, 15–19, kisha watu wazima. Mstari wa matatizo ya kihisia na kitabia ya watoto uongezwe. Walimu wa malezi na unasihi wapunguziwe vipindi, maana mwenye vipindi vya siku nzima hasikilizi mtu, na wapate mafunzo na msimamizi kama ilivyokuwa Moshi. Maafisa ustawi wa jamii waingie kwenye kikao cha bajeti wakiwa na takwimu zao mkononi. Anayehofia watoto kupachikwa majina akumbuke kwamba kinachopanda wilayani ni tarakimu. Hofu nyingine ni ya sheria: Kanuni ya Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Hilo ni la wanasheria na silivamii, ila familia inayoogopa kituo cha polisi itasema mtoto alikunywa sumu kwa bahati mbaya, na hapo pia namba inapotea. Narudia la safu, kwa sababu maazimio ya semina huzoea kulala kwenye majalada. Kubadili fomu ya taifa si mamlaka ya ukumbi huu na huchukua muda. Hata hivyo rejista ya kituo huandika umri wa kila mgonjwa, na umri hupotea pale tu jumla inapofanywa. Mratibu wa MTUHA wa wilaya anaweza kuwahesabu watoto hao moja kwa moja kutoka kwenye rejista kila robo mwaka, bila waraka mpya wala fedha za mfadhili, na aanze na rejista za robo hii.