Mbwa Anayecheza na Mwenyewe: Tujue Dalili Zake

(Mazungumzo kwa familia zilizofika karibuni)



Kule tulikotoka, mbwa wengi ni walinzi. Akiunguruma, unarudi nyuma. Hapa Marekani utamkuta mbwa bustanini anamfukuza mwenye mbwa, anaunguruma, wanavutana kamba, yeye kwa meno, na mtu anacheka. Huo si ugomvi. Ni mchezo, na una lugha yake.

Dalili kubwa ni kuinama. Mbwa anayetaka kucheza hulaza miguu ya mbele mpaka viwiko viguse chini, huku matako yakibaki juu. Mtafiti Marc Bekoff wa Chuo Kikuu cha Colorado alionyesha kwamba mbwa huinama hivyo hasa kabla au baada ya kung'ata kwa mchezo, kana kwamba anamwambia mwenzake: nacheza tu. Mwenye mbwa naye hujibu kwa kupiga magoti, au kwa kukimbia ili afukuzwe.

Mbwa anayecheza mwili wake umelegea, mdomo uko wazi, anarukaruka. Lakini aliyekakamaa, akafunga mdomo na kukukazia macho, huyo hachezi, hata kama anatikisa mkia. Mkia peke yake usiuamini.

Ninayasema haya kwa ajili ya watoto. Mtoto akiogopa hukimbia na kupiga kelele, na kwa mbwa, kukimbia ni mwaliko wa kufukuzana. Wafundisheni: simama wima kama mti, mikono chini, usimtazame machoni, usimrushie jiwe. Wala wasimguse mbwa wa mtu kabla ya kumwomba mwenyewe ruhusa.

Na kama hutaki mbwa akuguse, iwe kwa hofu au kwa ajili ya tohara, mwombe mwenyewe kwa upole amshike. Kuomba hivyo si kukosa adabu.

Mbwa aking'ata, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa. Chukua jina na anwani ya mwenye mbwa; daktari atataka kujua kama mbwa huyo amechanjwa.

Bustani ni yetu pia. Watoto wakizijua dalili hizi, watacheza humo bila hofu.

 Mwenye swali aulize.