NCHI JIRANI: KUTOKA NAIROBI HADI KILIMANJARO

Baina ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa Kilimanjaro, ulioko kati ya miji ya Arusha na Moshi, pana kilomita zipatazo 235 kwa njia ya anga. Ndege ya abiria huukata umbali huo kwa muda usiofika saa moja. Askari akiingia zamu wakati ndege hiyo inapaa Nairobi, itakuwa imekwenda na kurudi kabla hajapokewa lindo.

Hata hivyo, wasikilizaji wa majeshi ya ulinzi na polisi hawana budi kukumbuka kwamba umbali baina ya nchi mbili haupimwi kwa kilomita peke yake. Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika, na mwezi Februari Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ikafa mwaka huo huo. Safari za moja kwa moja zikakatika. Mtu wa kuzungukia Addis Ababa, kwa mfano, alikuwa na zaidi ya kilomita 2,500 mbele yake, yaani zaidi ya mara kumi ya njia iliyonyooka. Mlima Kilimanjaro haukuhama, wala ndege hazikupunguza mwendo. Kilichokosekana ni ruhusa.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ukatiwa saini Arusha mwezi Mei 1984.

Ruhusa hiyo si jambo dogo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unatambua kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuondoa kibali cha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kutokana na mvutano juu ya safari za mizigo za Air Tanzania. Safari hii viongozi wa pande mbili walizungumza mara moja, na shauri likaisha kabla ya siku ya utekelezaji kufika. Mgogoro wa mwaka 1977 ulikula zaidi ya miaka sita. Huu ulimalizwa kwa siku chache.

Kwa mlinzi wa mpaka, somo liko wazi. Ufupi wa njia humfaa msafiri mwema, na humfaa mhalifu vile vile. Ndege isiyojulikana ikishapaa, dakika zilizobaki hazitoshi kuanza kumtafuta ofisa mwenzake wa ng'ambo na kujuana naye. Ushirikiano hujengwa siku za utulivu, kama unavyofanyika Namanga, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na watumishi wa nchi mbili huwahudumia wasafiri mahali pamoja.

Jirani hachaguliwi, wala hahamishwi. Aliye umbali wa chini ya saa moja yafaa ajulikane vema, mpaka ulindwe kwa macho makali, na mlango wa mazungumzo usifungwe.