Mwanafunzi na Mwalimu Wake Katika Mwambao wa Rumonge



Mtoto wa Rumonge aamkapo husema lugha ya nyumbani kwao, Kiswahili au Kirundi. Akifika chuoni hukutana na herufi za Kiarabu. Shuleni huanza kwa Kirundi, na afikapo mwaka wa tano masomo humjia kwa Kifaransa. Katikati ya miaka ya 2000 serikali iliongeza Kiswahili na Kiingereza tangu madarasa ya chini. Basi mtu mdogo huyu, ambaye meno ya utoto hayajamtoka yote, hubebeshwa mzigo wa lugha tano. Kisha anyamazapo darasani huambiwa ni mjinga.

Neno hilo lapasa kupimwa kabla halijatamkwa, na ushahidi uko hapa hapa mwambaoni. Mwaka 1972 watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbia mauaji wakaingia Tanzania, na wengi wakapewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Miaka ya 2008 na 2009 wakimbizi wa 1972 pamoja na vizazi vyao, zaidi ya 50,000, walirejea Burundi. Watoto wao walikuwa wamesoma kwa Kiswahili, na baadhi yao walikaribia kumaliza shule ya msingi. Walipofika walikuta masomo ya Kirundi na Kifaransa, wakarudishwa kuketi na wadogo kuliko wao. Hesabu walizozijua jana, leo hawakuzijua tena! Je, akili ilipotelea njiani? Akili ilikuwapo, kilichokosekana ni mlango wa kuitolea nje. Wako walioacha shule kwa aibu, na hasara hiyo haikulipwa na mtu.

Mwalimu ampataye mtoto wa namna hiyo aweza kumwuliza kwanza kwa lugha aijuayo: mwenye mtumbwi akiwagawia wavuvi wanne mabeseni 12 ya ndagala, kila mmoja atapata mangapi? Mtoto akijibu matatu, basi kugawanya anakujua. Kilichobaki ni kumpa neno la Kifaransa la jambo ambalo tayari analo, na kazi hiyo ni nyepesi kuliko kumfundisha jambo na jina lake kwa mara moja.

Katika habari hii chuo cha Qurani kina la kufunza na la kujifunza. Chuoni wanafunzi hawalazimishwi kwenda mwendo mmoja: huyu yuko kwenye alifu, yule yuko Juzuu Amma, na mkubwa humsikiliza mdogo. Kabla ya kutoa somo jipya, mwalimu hulidai la jana, tena bila mtoto kutazama ubao. Desturi hiyo wazee waliishika kwa mazoea tu, lakini elimu ya kukumbuka imeikubali. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha jinsi jambo lililosomwa linavyopotea upesi siku za mwanzo, na jinsi kulirudia siku mbalimbali kunavyofaa zaidi kuliko kulirundika siku moja.

Upande wa maana, hata hivyo, chuo hupungukiwa. Mtoto aweza kukhitimu msahafu mzima asijue maana ya sura aisomayo kila siku katika sala. Dakika chache za kumweleza Al-Fatiha kwa Kiswahili hazimwondolei tajwidi yake. Na bakora, ambayo baadhi ya wazee huisifu hata leo, humfundisha mtoto kuficha kosa. Na kosa lililofichwa mwalimu hawezi kulitengeneza.

Liko jambo jingine, dogo kwa kutajwa. Ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo mwisho na mwanzo wa mwezi wako watoto walioamka alfajiri kuipokea mitumbwi na kuanika samaki mchangani, nao husinzia darasani. Mwalimu wa chuo, ahesabuye miezi kwa mwandamo, anazo siku hizo kichwani. Somo gumu aweza kuliweka tarehe 13, 14 na 15, watoto wakiwa wamelala usiku kucha, na siku za giza akawaachia kudurusu ya zamani.