Zana Mpya, Mzigo wa Nani?



Tunapozungumza juu ya zana mpya za kilimo, hatuna budi kuuliza kwanza ni kazi ya nani inayopunguzwa. Hapa Kiloleli, kama kwingineko Usukumani, plau ya kukokotwa na ng'ombe ilimpunguzia mwanamume jasho la kutifua ardhi. Shamba likapanuka. Palizi, hata hivyo, ilibaki ya jembe la mkono, na jembe hilo likabaki zaidi mikononi mwa mama na binti zake.

Tuchukue pamba. Wakulima wamehimizwa kuacha nafasi ya sentimeta 90 kwa 40 na kupanda kwa 60 kwa 30. Ushauri huo ni mwema, wala hatuupingi. Ila tupige hesabu: ekari iliyokuwa na mashimo yapatayo 11,000 sasa yataka zaidi ya 22,000. Ni nani anayevuta kamba na kudondosha mbegu? Mara nyingi ni mwanamke, ambaye siku ya mafunzo ya bwana shamba alikuwa kisimani, na siku ya malipo jina lililomo katika daftari la chama cha msingi ni la mumewe. Akirudia mistari ya zamani huitwa mkaidi. Sisi twaona amekwisha kuzipima nguvu zake.

Mjane naye ana shaka nyingine. Atamwagaje samadi katika shamba ambalo mwakani shemeji zake watalidai? Na ajue kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Sheria hiyohiyo yataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, mmewahi kuwahesabu?

Twawaomba basi mafunzo yapangwe saa ambazo akina mama wanaweza kufika. Mume na mke waketi pamoja kabla ya mvua, wakubaliane watalima ekari ngapi na nani atazipalilia. Na fedha ya pamba ikipatikana, palizi ya kukokotwa na ng'ombe inunuliwe kabla ya pikipiki.